Kristali za Proteini katika Mifereji Myembamba

Kila msomaji wetu anajua chumvi, lakini ni wachache waliopata kutazama punje moja ya chumvi kwa kioo cha kukuza. Wakiitazama, wataona kama sanduku dogo lenye pande sita, pembe zake zimenyooka kana kwamba zimekatwa na seremala mwema. Hakuna mtu aliyezikata. Chumvi iliyeyuka katika maji, maji yakakauka polepole, na vipande vyake vidogo visivyoonekana kwa macho vikajipanga safu juu ya safu, kila kimoja mahali pake, kama watoto wanavyopanga mistari asubuhi mbele ya kuingia darasani. Kitu kilichojipanga namna hiyo tunakiita kristali. Sukari ni kristali, na almasi za Kasai ni kristali vile vile.

Wengi hawajui kwamba hata vitu vya mwili wenye uhai vinaweza kujipanga hivyo. Tunataka kusema habari za proteini. Karibu kazi zote za mwili zinafanywa na proteini: moja inachukua hewa safi katika damu, nyingine inavunja chakula tumboni, nyingine inakaza nyama ya mkono tunapoinua jembe. Mwaka 1840 Mjerumani mmoja, Bwana Friedrich Ludwig Hünefeld, aliweka damu ya mnyoo wa udongo katikati ya vioo viwili, akaiacha ikauke polepole. Kisha akaona ndani yake vipande vidogo vyenye pembe: proteini nyekundu ya damu ilikuwa imejipanga kuwa kristali. Msomaji avikumbuke vioo vile viwili na nafasi nyembamba iliyo katikati yake, maana habari yetu yote imo katika nafasi nyembamba.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1926, katika chuo kikuu cha Cornell kule Marekani, Bwana James Sumner akapata kristali za enzimu iitwayo ureazi, aliyoitoa katika aina ya maharagwe makubwa meupe. Bwana huyu alikuwa na mkono mmoja tu, maana wa kushoto ulikatwa alipokuwa kijana, baada ya kupigwa risasi kwa bahati mbaya katika mawindo. Alitafuta kristali zile miaka tisa. Na alipozipata, wakubwa wa kemia kule Ujerumani hawakumsadiki, sababu walishika kwamba enzimu si proteini. Mwaka 1946 alipewa tuzo ya Nobel, na ubishi ule ulikuwa umekwisha.

Lakini kristali hizi ni za faida gani? Tuzieleze polepole.

Proteini ni kitu kidogo sana. Hata mikroskopi nzuri ya nuru haiwezi kutuonyesha atomu zake zimekaa namna gani, kwa sababu mawimbi ya nuru tunayoona ni marefu mno kupita atomu. Mtu hapimi unene wa uzi kwa kamba ya kupimia shamba. Inafaa kutumia mawimbi mafupi zaidi, nayo ni miali ya X, ile ile wanayoitumia hospitali kwa kupiga picha ya mfupa uliovunjika. Mwaka 1912 Bwana Max von Laue na wenzake walionyesha kwamba miali ya X ikipita katika kristali inatawanyika kwa utaratibu, na kuacha madoadoa juu ya karatasi ya picha. Bwana William Henry Bragg na mwana wake William Lawrence, Waingereza, wakafundisha namna ya kusoma madoadoa yale na kujua kila atomu iko wapi. Baba na mwana wakapewa tuzo ya Nobel pamoja, mwaka 1915.

Pengine mtu atauliza: Kwa nini wasipige miali juu ya proteini moja tu? Ni kwa sababu moja haisikiki. Tufikiri mwimbaji mmoja amesimama ng'ambo ya bonde: sauti yake haitufikii. Lakini watu elfu wakiimba noti moja kwa wakati mmoja, tutawasikia vizuri. Katika kristali yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimetri mnaweza kuwa na molekuli milioni mara milioni, zote zimeelekea upande mmoja, zote zinaimba noti moja. Zikiwa zimesimama ovyo hatupati wimbo, tunapata kelele tu.

Kristali ya proteini si ngumu kama ile ya chumvi. Karibu nusu yake ni maji. Ukiigusa kwa sindano inavunjika, ukiianika inaharibika ndani hata kama nje bado inang'aa. Mwaka 1934, kule Cambridge, Bwana John Desmond Bernal na Bibi Dorothy Crowfoot walifahamu jambo hilo: waliifunga kristali ya pepsini pamoja na maji yake katika mrija mwembamba wa kioo, na mara ile madoadoa mazuri yakatokea. Hata hivyo kazi ilikuwa ndefu. Bwana Max Perutz alianza kuichungua hemoglobini mwaka 1937, na ramani yake ilichapishwa mwaka 1960. Yeye na Bwana John Kendrew, aliyeichora mioglobini ya nyangumi, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1962.

Ramani hizi si za kupamba ukuta. Mwaka 1989 wenye elimu walipata umbo la proteazi ya HIV, enzimu ambayo virusi vya ukimwi vinaitumia kwa kukatakata proteini zake mbele ya kukomaa. Enzimu ile ina shimo katikati, na katika shimo lile ndimo inamokatia. Watu wa dawa wakatengeneza molekuli za kuziba shimo lile, kama mtu anayeziba tundu la kufuli kwa nta. Dawa ya kwanza ya namna ile, sakwinaviri, ilipata ruhusa kule Marekani mwaka 1995. Wagonjwa wengi ambao mapadri na wakatekista wamewatembelea nyumbani mwao wako hai leo kwa sababu ya dawa za ukoo huo, zilizotumiwa pamoja na nyingine.

Sasa tufike penye shida yenyewe. Shida ni kwamba proteini haipendi kupanga mistari. Inafaa maji yake yawe na chumvi ao kitu kingine cha kuifukuza proteini katika maji, kwa kipimo kisichopungua wala kuzidi. Kikipungua, proteini inabaki imeyeyuka. Kikizidi kwa haraka, proteini yote inaanguka pamoja bila utaratibu, nasi tunapata tope jeupe, kama maziwa yaliyokatika juu ya moto. Katikati ya mambo hayo mawili kuna njia nyembamba, na njia ile ni tofauti kwa kila proteini. Tena asidi inaigeuza, joto linaigeuza, aina ya chumvi inaigeuza. Hakuna kitabu kinachoweza kutabiri. Inafaa kujaribu mara mamia, pengine maelfu.

Kwa kujaribu hivyo inatakiwa proteini nyingi, na proteini safi ni haba. Mtu anaweza kutumika miezi mingi katika laboratwari akapata kiasi kisichojaza ncha ya kijiko. Hasa zile zinazokaa katika ngozi ya seli ni ngumu kupatikana, na dawa nyingi sana zinafanya kazi yake juu ya proteini za namna hiyo. Kwa desturi ya zamani kila jaribio lilikula mikrolitri moja ao zaidi. Kwa hiyo mtafutaji alijaribu mara mia chache, akiba yake ikakwisha, akarudi mwanzo. Tunaona kwamba kazi nyingi zilikufa hapo, si kwa kukosa akili, ila kwa kukosa tone la pili.

Hapa ndipo ilipoingia mifereji myembamba. Elimu yake inaitwa mikrofluidiki, yaani elimu ya kuongoza maji katika njia ndogo sana, zenye upana wa unywele wa mtu ao chini ya hapo. Njia hizo zimechongwa katika kibao kinachoweza kukaa kiganjani.

Kibao hiki kinatengenezwa hivi. Kwanza wanafanya kalibu yenye matuta membamba mahali mifereji itakapokuwa. Matuta yale yanachorwa kwa nuru, karibu kama vile picha inavyopigwa. Kisha wanamimina juu yake mpira wa silikoni ulio bado majimaji, wanautia katika tanuru ugande, wanaubandua. Palipokuwa na tuta sasa pana mfereji. Wanaugandamiza mpira ule juu ya kioo, na kibao kiko tayari.

Lakini mfereji bila mlango haufai kitu. Mwaka 2000 Bwana Stephen Quake na wenzake, kule California, walionyesha namna nyepesi ya kufanya milango. Wanaweka tabaka mbili za mpira, moja juu ya nyingine, mifereji ya juu ikikatiza ile ya chini, na katikati wanaacha ngozi nyembamba. Wakitia hewa kwa nguvu katika mfereji wa juu, ngozi ile inashuka na kuziba mfereji wa chini. Wakiiondoa hewa, ngozi inarudi na maji yanapita. Ni kama kukanyaga mpira wa kumwagilia bustani kwa mguu, kisha kuuachilia. Hakuna kishikio, hakuna chuma.

Miaka miwili nyuma, yaani mwaka 2002, Bwana Carl Hansen, Bwana Quake na wenzao walitangaza kibao cha kutafutia kristali. Kilikuwa na vilango 480, na kilifanya majaribio 144 kwa mara moja, kila moja likitumia nanolitri 10 tu za proteini. Tupige hesabu. Tone moja la kawaida, kama lile linalodondoka katika chupa ya dawa ya macho, ni karibu mikrolitri 50. Katika tone lile moja mnatoka sehemu 5000 za nanolitri 10. Majaribio yote 144 yanakula pungufu ya sehemu ya thelathini ya tone. Na kibao kile kilipata njia za kristali nyingi kupita desturi ya zamani, ingawa kilitumia proteini kama mara mia chini yake.

Walipimaje maji madogo namna hiyo bila kukosea? Hapa tunapenda ujanja wao. Mpira wa silikoni hauruhusu maji kupita upesi, lakini hewa inapita ndani yake. Basi walichonga vyumba visivyo na mlango wa nyuma, wakasukuma maji ndani. Hewa iliyokuwamo, kwa kukosa njia, ikapenya ndani ya mpira na kutoroka, na chumba kikajaa mpaka pembeni. Kipimo ni chumba chenyewe. Maji yawe mazito kama asali ao mepesi, chumba hakibadili ukubwa wake.

Kama faida ingekuwa uchache wa proteini tu, ingetosha. Lakini kuna faida nyingine, nayo ndiyo inayotufanya tuandike makala haya: katika nafasi nyembamba maji yanatulia.

Katika bakuli ao katika chupa, maji hayatulii kamwe. Kristali ikianza kukua inakula proteini iliyo karibu nayo. Maji ya pale yanakuwa mepesi, yanapanda juu, na maji mazito yanashuka kushika nafasi yake. Hivyo mkondo mdogo unazunguka daima na kuzileta molekuli kwa fujo, mara nyingi mno, mara chache. Kristali inayolishwa namna hiyo mara nyingi inajengwa vibaya. Ndiyo maana mwaka 1983 Wajerumani walipeleka proteini mbali juu, katika maabara ya Spacelab, mahali ambapo kitu kizito hakishuki wala kitu chepesi hakipandi, wapate kuzikuza bila mikondo. Ni safari ndefu na ya gharama kubwa kwa ajili ya utulivu.

Mfereji mwembamba unatoa sehemu kubwa ya utulivu ule hapa hapa duniani. Nguvu ya mikondo ile inapungua upesi kupita upana wenyewe: mfereji ukiwa mwembamba mara kumi, nguvu inapungua mara elfu. Maji yaliyobanwa namna hiyo yanakuwa na tabia ya asali. Hayazunguki, hayarukiruki. Ukikutanisha maji mawili katika mfereji huo hayachanganyiki kama maziwa katika chai yanapokorogwa. Yanakaa bega kwa bega, na molekuli zinavuka mpaka moja moja, kwa mwendo wake zenyewe.

Mwendo huo wa kutangatanga una sheria yake. Proteini ndogo inavuka sehemu ya kumi ya milimetri kwa muda wa karibu dakika moja. Lakini kwa kuvuka santimetri moja inatumia karibu siku sita: safari imeongezwa mara mia, muda umeongezwa mara elfu kumi. Kwa hiyo mwenye kuchonga mifereji anaweza kuchagua muda kwa kuchagua urefu. Anaweka proteini upande huu na chumvi upande ule, anafungua kilango. Chumvi, kwa kuwa ni nyepesi, inakimbia mbele. Proteini inafuata polepole. Kila mahali katika mfereji panapata kipimo chake, na kipimo kile kinageuka saa kwa saa. Badala ya jaribio moja, mfereji mmoja unajaribu vipimo vingi mfululizo, na mara nyingi kimoja kinapita katika njia ile nyembamba tuliyoitaja.

Wengine walishika njia tofauti. Kule Chicago, mwaka 2003, Bwana Rustem Ismagilov na wenzake waliendesha mafuta katika mfereji, na ndani ya mafuta wakaingiza matone madogo, kila tone na mchanganyiko wake wa proteini na chumvi. Matone yanafuatana kama shanga katika uzi, hayagusani kwa sababu ya mafuta, na kila moja ni chungu kidogo cha kupikia peke yake.

Kibao cha mpira kina ubaya wake. Mpira ule ule unaoitorosha hewa unautorosha na mvuke wa maji, na baada ya siku chache vyumba vinakauka. Tena kristali ikiisha kukua ndani, unaitoaje? Ukiipasua nyumba yake unaivunja na yenyewe. Kwa hiyo wengi waliacha mpira wakashika plastiki nyembamba, ambayo miali ya X inapita ndani yake bila kuzuiwa sana. Pale Strasbourg, Ufaransa, wamefanya kibao cha plastiki chenye mifereji minane iliyonyooka, bila kilango hata kimoja: unatia proteini, unatia chumvi upande wa pili, unaziba, unangojea. Kisha unakisimamisha kibao chote mbele ya miali, na kristali inapigwa picha ndani ya nyumba yake, haikuguswa na mkono wa mtu. Kwetu kibao hicho kinatupendeza kuliko kile cha vilango 480, maana hakidai pompi wala mashini kubwa pembeni yake.

Msomaji anayefuata habari za siku hizi atatushika hapa. Atasema: Je, kompyuta hazibashiri sasa maumbo ya proteini zenyewe? Ni kweli. Programu ya AlphaFold ilishangaza watu mwaka 2020, na waanzilishi wake, Bwana Demis Hassabis na Bwana John Jumper, walishiriki tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2024. Lakini programu ile ilijifunza wapi? Ilijifunza katika ghala ya maumbo iliyofunguliwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba tu, ambayo sasa yanapita 200 000, na mengi kati ya hayo yalitoka katika kristali. Tena mwenye kutafuta dawa hataki umbo la proteini peke yake. Anataka kuona dawa yake imekaa namna gani ndani ya shimo, na pale kubashiri hakutoshi. Kuna pia mikroskopi ya elektroni katika baridi kali, iliyopewa tuzo ya Nobel mwaka 2017, ambayo haina haja ya kristali. Inafaa sana kwa proteini kubwa. Kwa ndogo bado ni kazi ngumu.

Tumalize na habari inayotugusa sisi wa Kongo: ugonjwa wa usingizi, wengine husema malale, unaoletwa na mbung'o. Mdudu wake, tripanosoma, ana enzimu ya kuvunja proteini iitwayo katepsini B. Mwili wa mtu unayo enzimu inayofanana nayo, kwa hiyo dawa ya kuifunga ile ya mdudu inapaswa kutambua tofauti zilizo kati yao. Wenye elimu wa Ujerumani na wenzao waliikuza enzimu ile ndani ya seli za wadudu, na kumbe ikajipanga kuwa kristali mle mle ndani ya seli. Zilikuwa kama sindano, unene pungufu ya sehemu ya elfu ya milimetri. Miali ya kawaida ingeziunguza bila kupata picha. Walizipeleka California, penye mashini ya leza ya miali ya X iitwayo LCLS. Mwako wake ni mfupi hata picha inapatikana mbele ya kristali kuvunjika. Kila kristali inatoa picha moja na kuangamia. Walikusanya picha zinazopita 170 000, na mwaka 2013 wakatangaza umbo la enzimu, pamoja na kile kipande chake chenyewe kinachoifunga mpaka wakati wake wa kazi utimie.

Tusiseme kupita kweli. Vidonge vya feksinidazole, vilivyopata ruhusa katika Kongo mwezi wa desemba 2018, havikutoka katika kristali hizo. Vilitoka katika molekuli ya zamani iliyokuwa imeachwa, watu wakaichimbua tena. Na mwaka ule ule hesabu ya wagonjwa wapya waliotangazwa duniani ilishuka chini ya 1000, hasa kwa kazi ya wapimaji waliozunguka vijijini.

Lakini ile kazi ya California ilileta shida mpya, nayo inaturudisha kwenye mifereji. Kristali zilirushwa mbele ya leza katika uzi mwembamba wa maji usiokatika. Leza ile ilimulika mara 120 kwa sekunde. Katikati ya mwako mmoja na mwingine maji yaliendelea kupita bure, na kristali nyingi zikamwagika bila kupigwa picha. Proteini iliyokusanywa kwa taabu ikarudi kupotea kama zamani. Leo wengine wanazipanga kristali juu ya vibao vyenye vitundu, kila moja mahali pake, na kukisogeza kibao mbele ya leza tundu kwa tundu. Wengine wanatumia yale matone ndani ya mafuta, wakiyaongoza kusudi kila tone lifike mbele ya leza saa ile ile mwako unapotoka, na katikati yapite mafuta matupu.